Hivi hii "Kamati" inayotajwa tajwa kwenye jamii za mtandaoni ipo kweli au ni utani tu?

mgeni_wa_juzi:

Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada wa jambo linalonisumbua wiki ya pili sasa, na kule kwenyewe sitaki kuuliza tena nisije nikaonekana mkorofi wakati hata mwezi sijamaliza.

Iko hivi. Nimejiunga na jamii moja ya watu wa kujitolea wanaotafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili. Kila mtu yuko kwake, sura hatujuani, tunajuana kwa majina ya akaunti tu. Siku ya tatu tangu nijiunge nikaona neno "kabrasha" limejaa kila kona, na mimi kila mtu ninayemjua anasema folda, basi nikakaa usiku nikabadilisha sehemu arobaini na kitu, moja moja kwa mkono, na kila moja nikaiandikia sababu. Masaa matatu hayo. Nikatuma saa nane usiku. Dakika mbili baadaye, mbili kweli nimeangalia saa, zote zimekataliwa na chini yake mstari mmoja: "Kamati imekataa. Kamati haipo."

Nikaenda kwenye sehemu ya maongezi nikauliza kwa adabu, jamani hiyo Kamati ni akina nani nikaongee nao? Wa kwanza akajibu "hongera, umeshakutana nayo". Wa pili akaandika "Kamati haipo, na ingekuwepo isingekuruhusu uulize". Wengine vicheko tu. Tangu hapo ndo nimeanza kuona iko kila mahali, seva ikiwa nzito mtu anasema Kamati imelala, posti ikifutwa Kamati imeamka, kuna mmoja kwenye profaili yake kaandika kabisa "Mjumbe namba 17 wa Kamati ambayo haipo".

Sasa nauliza kwa nia njema kabisa: huu utani umetoka wapi, maana naona na jamii zingine wanao wa kufanana? Na je, nyuma ya utani kuna watu kweli wanaoamua mambo pembeni? Mimi nacheka na wenzangu lakini moyoni nimeumia, kazi ya masaa matatu imetupwa na sijui nimwendee nani.

---

kidole_gumba:

Pole sana mkuu na usiondoke, wanaojitolea kutafsiri ni wachache mno. Huo utani ni wa miaka mingi kuliko hiyo jamii yenu, Waingereza neno lao ni cabal, yaani genge la wachache wanaopanga mambo kwa siri, sio kabali yetu ya kukabwa shingo. Asili yake ni Kabbala, yale mafundisho ya siri ya Kiyahudi, halafu likaja kushika kasi Uingereza wakati wa mfalme Charles II kwa sababu alikuwa na washauri watano, Clifford, Arlington, Buckingham, Ashley na Lauderdale, ukipanga herufi za mwanzo unapata neno hilo hilo. Ilitokea tu, neno lilikuwepo tayari. Habari za mtandao ngoja waje wakongwe, mimi nimeingia juzi.

---

waya_wa_simu:

Mkongwe nimefika. Hii stori naipenda kwa sababu watu wengi wanautumia utani bila kujua kwamba mwanzo wake haukuwa utani, lile genge lilikuwepo kweli.

Kulikuwa na Usenet, ilianzishwa na vijana wawili wa chuo kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, wazo la 1979 na mwaka uliofuata likaanza kutumika. Ni makundi ya mijadala kabla hata wavuti haujazaliwa. Hakuna seva moja ya katikati, hakuna mwenye mali. Kompyuta ya chuo hiki inaipigia simu kompyuta ya kampuni ile usiku, wakati simu ni rahisi, zinapeana posti mpya zinakata, na ile nyingine inaipigia ya mbele yake, hivyo hivyo mpaka posti inafika mwisho wa dunia baada ya siku kadhaa. Kwa maandishi kila mtu yuko sawa na mwenzake.

Lakini jiulize, hizo simu za masafa marefu nani analipa? Ndo hapo. Zilikuwepo kompyuta chache zilizobeba mzigo mkubwa, ule ndo ulikuwa uti wa mgongo wa mtandao wote, na wanaoziendesha walikuwa na listi yao ya barua pepe wanayoongelea mambo. Gene Spafford alikuwemo, Rick Adams alikuwemo. Hawakuchaguliwa na mtu na hawakuapishwa, ila wao wakikubaliana kundi fulani wasilibebe basi hilo kundi limekufa, maana halitafika popote. Watu wakawaita genge la uti wa mgongo, na wao jibu lao likawa "hakuna genge". Hilo jibu ndo likageuka msemo, likafupishwa mpaka herufi nne, TINC, yaani There Is No Cabal, mtu anatupia tu mwisho wa posti.

Sasa cheki nguvu yao. Kuanzia 1986 mpaka 1987 walibadilisha majina ya makundi YOTE. Zamani mengi yalianza na net, wakayapanga upya chini ya matawi saba: comp, misc, news, rec, sci, soc na talk. Hili la talk walitupia mijadala ya kelele, ili anayelipia simu ndefu, kama wale wa Ulaya, aweze kulikata lote kwa mkupuo. Kulikuwa na ugomvi ambao ukiusoma leo utadhani ni wa jana, sababu ni zile zile, nani kakupa mamlaka, mbona hatukuulizwa, mbona kundi letu limewekwa huko kwenye takataka.

Na dawa ilipatikanaje? Sio kwa kulalamika. John Gilmore alitaka kundi la kuongelea dawa za kulevya akakwama kwa wale wakubwa, na Brian Reid, ambaye mwenyewe aliendesha moja ya kompyuta za uti wa mgongo, hakupenda walivyolipanga kundi lake la mapishi. Mwezi wa tano 1987 wakakutana na mwenzao Gordon Moffett mezani, wakaamua kuunganisha kompyuta zao wenyewe kwa wenyewe, wakaanzisha tawi linaitwa alt ambalo halimuombi mtu ruhusa. Likaja kuwa kubwa kupita kiasi. Kipindi hicho hicho posti zikaanza kusafiri kwenye intaneti bila kutegemea simu za usiku, na Rick Adams akafungua UUNET ya kuuza hiyo huduma kwa yeyote, kwa hiyo ile njia nyembamba ambayo wachache waliweza kuiziba ikawa haipo tena. Mwishoni mwa miaka ya 80 listi yao ikavunjika.

Genge likafa, utani ukabaki. Ndo maana mimi mtu akiniambia "hakuna Kamati" swali langu la kwanza huwa ni moja: hapa waya wa simu anao nani?

Halafu mgeni, hebu rudia hapo. Sehemu arobaini, saa nane usiku, dakika mbili? Hakuna binadamu anayesoma maelezo arobaini kwa dakika mbili. Nenda kwenye historia ya mabadiliko uangalie ni akaunti gani imekataa, utuletee jina lake lilivyo.

---

tundu_la_sindano:

Uzi mtamu huu. Mzee wa waya kaeleza vizuri, naongezea upande wa utani maana na wenyewe una ufundi wake.

Uzuri wa huu utani ni kwamba ukikanusha ndo umethibitisha. Mfano mzuri ni wa Wajerumani. 1994 mwanafunzi mmoja aliandika kwenye Usenet yao kwamba mji wa Bielefeld haupo, ni uongo uliotengenezwa na WAO, bila kusema wao ni akina nani. Akaweka maswali matatu: unamjua mtu anayetoka Bielefeld? Umewahi kufika? Unamjua mtu aliyewahi kufika? Watu wengi jibu ni hapana mara tatu. Na ukijibu ndiyo, basi na wewe ni mmoja wao. Huwezi kuchomoka. Huu ni mji wa watu zaidi ya laki tatu, una chuo kikuu, una timu ya mpira, na Wajerumani mpaka leo wanaambizana haupo, hata Angela Merkel akiwa Kansela aliwahi kuutania hadharani. 2019 mji wenyewe ukatangaza zawadi ya euro milioni 1 kwa atakayethibitisha kwamba haupo. Hakuna aliyezichukua.

Mwingine ninaoupenda ni wa wapiga mbao. 1997, kwenye kundi la wanaopambana na barua pepe za spamu, akatokea mtu akaandika kwa umakini kabisa kwamba wanaopinga spamu wanalipwa kwa siri na kampuni za mbao, kwa sababu matangazo yakihamia kwenye barua pepe karatasi haitanunuliwa na miti haitakatwa. Wale jamaa wangeweza kukasirika, walikuwa wanafanya kazi ya bure usiku na mchana. Wao wakafanya nini? Wakaanzisha huo muungano wa wapiga mbao! Wakapeana namba za uanachama, wakaandika chini ya kila posti kwamba muungano wa wapiga mbao haupo. Tuhuma ikafia kwenye vicheko.

Kwa hiyo huyo mjumbe wenu namba 17 anafuata mila ya miaka mingi. Mimi binafsi naona ni kitu cha afya, jamii inayoweza kujitania kuhusu wakubwa wake ni jamii ambayo wakubwa wake wanatajika.

---

Shufaa_K:

Naomba nipingane kidogo na ndugu hapo juu, kwa heshima zote. Utani wa wapiga mbao ulikuwa mzuri kwa sababu waliotuhumiwa ndo walioutunga, na tuhuma ilikuwa ya uongo. Kwa mgeni wetu hali ni nyingine. Kauliza swali halali, kazi yangu nani kaikataa, akajibiwa kwa kichekesho, halafu swali likaishia hapo. Nimesimamia jamii mbili tofauti kwa miaka sita, nimeona watu wazuri wangapi wanaondoka kimya kimya namna hii, hawagombani na mtu, wanaacha tu kuingia. Na sisi tuliobaki tunasema siku hizi watu hawapendi kujitolea.

Na tusijidanganye kwamba siku zote ni utani mtupu. Wikipedia wana ukurasa wao kabisa wa vichekesho kuhusu magenge ya siri, na waliwahi kuwa na kikundi cha kusuluhisha ugomvi kilichojiita genge kwa kutania tu, kilifungwa 2012, kilikuwa wazi yeyote anaingia, kizuri tu. Lakini Wikipedia hiyo hiyo mwaka 2009 iligundulika listi ya barua pepe ya siri, wahariri wanapanga pembeni namna ya kusaidiana kwenye makala za Ulaya Mashariki, nani aingie lini, nani aungwe mkono kwenye ugomvi. Barua zikavuja, kesi ikaenda kwenye kamati yao ya usuluhishi, ile ya wazi iliyochaguliwa kwa kura, watu wakaadhibiwa. Kwa hiyo mtu akiwa na wasiwasi msimcheke kabla hamjaangalia.

Kuna na mfano wa upande wa pili, unaonigusa zaidi. LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis 1990, watu wanaingia wanaongea wanajenga vyumba kwa maneno. Waendeshaji waliitwa wachawi kwa sababu ndo walikuwa na amri za kugeuza chochote. Desemba 1992 wakatangaza kwamba wao sasa ni mafundi tu, masuala ya watu kugombana watu wayaamue wenyewe. Inapendeza kusikia. Lakini fundi ndiye mwenye funguo, kila uamuzi wa fundi unamgusa mtu, wakajikuta wanaamua huku wanasema hawaamui. 1996 wakarudi wakakiri kwamba haiwezekani, wataamua, na wajulikane kwamba wanaamua. Wengi walichukia ile siku. Mimi nawaheshimu kwa ule ukweli.

Nikimaliza: 2006 Jakob Nielsen aliandika kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni ukichukua watu 100, 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, 1 ndo anabeba karibu kazi yote. Huyo mmoja kwa nje anaonekana kama Kamati. Anajibu kila uzi, anajua kila kanuni, anajuana na mmoja mwenzake wa jamii ya jirani. Hajapanga njama yoyote, amechoka tu na anajibu kwa kifupi. Nimewahi kuwa huyo mmoja, kuna binti nilimjibu neno moja tu, "hapana", nikaenda kulala. Hakurudi tena na mpaka leo jina la akaunti yake nalikumbuka.

---

tundu_la_sindano:

@Shufaa_K dada nimekuelewa na nakubali. Utani uje baada ya jibu, sio badala ya jibu. Hilo sikulifikiria nilivyokuwa naandika.

---

kidole_gumba:

Hiyo ya wachawi kukiri nimeisoma mara mbili. Mgeni bado upo? Akaunti iliyokukataa inaitwaje?

---

mgeni_wa_juzi:

Nipo wakuu, samahani nimechelewa, na asanteni sana, sikutegemea watu watakaa waandike hivi kwa ajili ya makabrasha yangu.

Mzee wa waya umelenga. Nimeingia kwenye historia, akaunti iliyokataa inaitwa "kamati" kwa herufi ndogo, na ukiifungua profaili yake hakuna picha, hakuna neno, imejiunga miaka sita iliyopita na imekataa maelfu ya tafsiri na haijawahi kukubali hata moja. Nikasema hapa sasa nauliza jina kwa jina. Nikamwandikia yule mjumbe namba 17 pembeni, nikamwambia sitaki kugombana nataka kuelewa, akanipigia na simu kabisa, tumeongea nusu saa.

Ni roboti. Ni programu ndogo ya mistari kama themanini hivi, inachukua kila tafsiri mpya inailinganisha na orodha ya istilahi, neno likitofautiana inakataa yenyewe papo hapo. Zamani ilikuwa inaandika "haiendani na orodha ya istilahi" na inaweka na kiungo cha kwenye orodha. Siku moja mmoja wao akabadilisha ule ujumbe kwa kutania wenzake, enzi hizo wako watano tu na wote wanajua maana yake, wakacheka, ukabaki. Wale watano sasa wamebaki wawili, na waliokuja baadaye wameukuta mstari tu wanaurudia bila kujua ni nini. Yaani kati ya wote walionicheka siku ile, namba 17 anasema labda mmoja ndo anajua kwamba Kamati ni programu.

Nikamuuliza na lile swali la waya wa simu. Akanyamaza kidogo. Akasema orodha ya istilahi waliiandika watu wawili, yeye na mwenzake aliyeshaondoka, wiki mbili za kukesha, maneno mia nane na kitu, na tangu hapo haijaguswa kwa sababu mwenye ruhusa ya kuihariri ni yeye peke yake na hakuna aliyewahi kumuomba. Akasema hakujua kama anaziba njia, alidhani watu wameridhika. Nilimuonea huruma, sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka.

---

Shufaa_K:

Huyo ni mtu mwema, usimwache. Mwambie arudishe ule ujumbe wa zamani na kiungo chake, leo hii hii, ni mstari mmoja wa kubadilisha. Na ruhusa ya orodha wapewe angalau watu watatu, majina yao yawekwe pale juu ya ukurasa.

---

waya_wa_simu:

Na hiyo akaunti ibadilishwe jina iitwe roboti, mtu akiiona ajue anaongea na mashine. Mlioutengeneza utani wekeni hata aya moja ya historia yake mahali, mgeni akiusikia akiutafuta aukute na yeye acheke.

---

mgeni_wa_juzi:

Ujumbe umesharudishwa, nimejaribu mwenyewe kwa neno la uongo na kiungo kimekuja. Akaunti sasa ni "roboti_ya_istilahi". Mstari wa "Kamati haipo" tumeuhamishia kwenye ukurasa wa historia ya mradi, namba 17 kaandika aya yake na tarehe, na kaweka majina ya wale watano.

Ruhusa ya orodha tunayo watatu, mmoja ni mimi. Nimefungua mjadala wa folda na kabrasha kama mtu mwingine yeyote, sababu zangu zile zile arobaini nimezifupisha ziwe tatu. Mpaka naandika hapa kura ni saba, nne kabrasha, tatu folda, na unafungwa Ijumaa.